Nyuma Kidogo

Jumapili, 15 Juni 2025

Miguu inawaka moto. Jana gusaba huko Batsinda, posa ya watu wenye ukoo mkubwa, kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua kuzama. Wageni mia tatu kwenye hema la watu mia mbili! Mjomba wa bwana harusi, mzee mnene mwenye fimbo, nikampanga kwenye picha ya ukoo. Nyuma kidogo, mzee. Kidogo tena. Kidogo tu. Akarudi, akarudi — pwaa! Akaketi ndani ya kikapu cha zawadi za wakwe. Hema zima likaangua kicheko, na yeye akacheka mpaka akafuta machozi.

Pretty, msaidizi wangu, anasema siku hizi wateja hawaniiti Shakira. Wanasema tuleteeni yule mama wa nyuma-kidogo. Na waseme! Miaka kumi na miwili ya kamera, sijamwona mama mkwe wala mkubwa wa serikali niliyemwambia arudi nyuma akakataa.

Gasana amepiga simu. Yule injinia, harusi yake niliipiga mwaka juzi. Ana kazi ya kunipa na siyo ya harusi. Kwenye simu hataki kusema. Anakuja Jumanne. Siri siri hizi!

Jumanne, 17 Juni

Gasana kafika Muhima, kapanda ngazi zote za studio akihema. Katoa bahasha. Ndani, picha ya mwaka 1987: marehemu baba yake, enzi za ukimbizi Uganda, amesimama juu mlimani Rwenzori. Nyuma yake barafu. Ukuta wa barafu! Unaanzia mabegani kwake unapanda mpaka unatoka nje ya picha.

Shirika lake linaandaa maonyesho ukumbini Kimihurura, tarehe 18 Julai. Anataka barafu ile ile, kutoka mahali pale pale, ilivyo leo. Anasema: "Iko jiwe moja kubwa, rangi ya kutu. Unasimama hapo. Na mtu lazima iko ndani ya picha, bila mtu hawataona ukubwa."

Nikamuuliza mbona mimi, mji umejaa vijana wenye droni. Akasema: "Wewe unajua kupanga watu, sha."

Jina langu ukutani, Kimihurura! Kule nimeingia mara nyingi, lakini kwa mlango wa wabeba vyombo. Nimekubali kabla hajamaliza kuongea.

Ijumaa, 20 Juni

Mume wangu Usumani amelitia koti langu bitana mara mbili. Cherehani yake iko chini, chini kabisa ya studio, kwa hiyo kila anayeleta suruali kupunguzwa anaambiwa mke wangu anakwenda kupiga picha barafu. Fundi gani huyu, anatangaza kuliko redio! Mtoto wetu Ihirwe amepiga simu kutoka bweni: nimletee barafu kwenye chupa. Nimemwambia sawa, utakunywa maji.

Harusi za wiki mbili namwachia Pretty. Daftari hili siogopi kuliacha mezani. Pretty kakulia Kampala, Kiswahili chake kinaishia kwenye "lete", "twende" na "nyuma kidogo". Lakini nitakwenda nalo.

Jumapili, 22 Juni — Kasese

Safari ya basi jana, Gatuna, Kabale, Mbarara, mpaka mgongo ukafa ganzi. Kesho tunaanza kupanda.

Waongozaji wetu ni wawili, baba na binti. Mzee Masereka, miaka hamsini na kitu, mfupi, mkimya, Kiswahili chake cha upande wa Kongo. Binti yake Biira, ishirini na sita, ana beji ya uongozaji ya mwaka mmoja tu. Kumbe safari hii mkuu wa kamba ni yeye! Tukifika barafuni neno lake ndilo la mwisho, hata kwa baba yake. Mzee anamwita "Bosi" mbele za watu, Biira anaona haya. Lakini ukimtazama mzee usoni unaona jinsi linavyompendeza neno hilo.

Jumatano, 25 Juni — kambini

Tope mpaka magotini. Mvua. Mapafu yangu yanadai haki zao. Gasana kichwa kinamgonga tangu jana, chakula hakipiti.

Leo nimemwomba Mzee Masereka anionyeshe picha zake za barafuni. Akacheka kidogo. Hana. Miaka thelathini na mmoja anabeba kamera za wageni, anawapiga wageni picha, wanaondoka. Wanasema watatuma. Hana hata moja aliyosimama yeye kwenye barafu.

Iliniuma sana. Nikamwambia, Mzee, mimi siyo wao, nitakupiga, nitachapa, nitakutumia mpaka mlangoni. Akasema: "Sawa, Madamu." Kama mtu aliyezoea kuambiwa. Basi nitamwonyesha!

Ijumaa, 27 Juni

Penseli. Kalamu imegoma kwa baridi.

Mzee Masereka ameanguka ndani ya ufa wa barafu. Yu hai.

Gasana alibaki kambini na kichwa chake. Tulikuwa watatu juu. Biira alikwenda kukagua njia ya kurudi, nyuma ya jiwe, hatuoni. Mzee alikuwa amefungua kamba asimame kwa picha. Mimi nilikuwa nimeinamia begi, nabadilisha lensi. Nilipoinua kichwa hakuwepo. Sikuona.

Biira aliniuliza, Madamu, umeona nini? Nikamwambia hivyo hivyo.

Alishuka mwenyewe kwa kamba kumfuata baba yake. Wapagazi wanne wakapanda kutoka kambini kuvuta. Mguu, nyonga.

Jumapili, 29 Juni

Siku mbili kwenye machela. Tope lile lile, sasa na mtu amebebwa. Natembea nyuma yao. Kila wakimtua ananitafuta kwa macho, ananiinulia kidole gumba. Mimi! Ningependa asinitazame.

Jumanne, 1 Julai — Kasese

Nyonga imevunjika. Daktari amesema Mzee hatapanda mlima tena.

Chama chao cha waongozaji kimeleta fomu. Mwenyekiti alisimama kwenye korido ya hospitali akamuuliza Biira mbele ya watu, mkuu wa kamba unaachaje mtu wako afungue kamba? Mtu wa miaka thelathini barafuni anavukaje alama kama mlevi? Biira akasema aliweka alama, alisema mwisho hapa. Mwenyekiti akasema, basi baba yako ameivuka kwa akili zake? Biira amevuliwa beji mpaka kikao cha tarehe 23 Julai. Alifungua pini mwenyewe akampa.

Mzee anasema hakumbuki kitu. Anakumbuka tu kwamba nilikuwa namchekesha.

Fomu yangu aliijaza Gasana, mkono wangu ulikuwa unatetemeka: shahidi alikuwa akibadilisha lensi, shahidi hakuona. Nikatia sahihi. Ile sahihi yangu nzuri ya kwenye albamu za harusi.

Jumamosi, 5 Julai — Kigali

Harusi ya binti wa Ntakirutimana. Picha ya ukoo, watu themanini wamejipanga, wa mbele wamebanana. Nikafungua mdomo — hakuna sauti. Wananisubiri. Pretty akaona, akasema badala yangu: "Nyuma kidogo!" Na wote wakarudi. Watu themanini, hakuna aliyegeuka kutazama anapokanyaga.

Nilikwenda nyuma ya hema nikatapika. Nimewaambia ni samaki.

Jumanne, 8 Julai

Nimesoma tena ukurasa wa tarehe 27. Uongo! Daftari langu mwenyewe, hakuna anayelisoma, na bado nimeandika uongo. Nilikuwa namdanganya nani?

Basi kweli ni hii.

Sikuinamia begi. Sikubadilisha lensi. Jicho langu lilikuwa kwenye kamera mwanzo mpaka mwisho.

Jiwe la rangi ya kutu tulilipata. Barafu haikuwepo. Mahali pa ukuta ule wa mwaka 1987 ni mawe matupu, unasikia maji yanapita chini yake. Barafu imekimbilia juu huko, ya kijivu, imepasuka pasuka, na theluji mpya kidogo imeifunika nyufa. Nikamsimamisha Mzee pale aliposimama baba wa Gasana, nikatazama: barafu inaonekana nyuma ya sikio lake kama kipande cha sabuni kilichobaki. Hiyo ndiyo ilikuwa picha! Hiyo ndiyo kazi niliyotumwa! Lakini mimi nikaona ni picha mbaya. Mteja hatapenda. Nikataka barafu ijae nyuma ya mtu, kama maua nyuma ya maharusi.

Tukapanda mpaka ukingoni mwa barafu. Biira akachoma fimbo yenye kitambaa cha manjano kwenye theluji, akasema mwisho hapa, hakuna kupita hii fimbo. Alisema mara mbili. Akaenda kukagua njia.

Kamba nyekundu ilikuwa inakata kiuno cha Mzee kwenye picha. Nikapiga moja, haikunipendeza. Nikamwomba aifungue. Mimi. Akatazama kule alikoelekea Biira. Nikasema dakika moja tu, Mzee, picha yako hii, ya kutundika ukutani. Akafungua.

Nyuma kidogo, Mzee. Akarudi. Kidogo tena. Akarudi. Akafika kwenye fimbo, akasimama. Akainua mkono: inatosha? Nikasema hatua moja tu jamani, hata bi harusi haringi hivyo! Akacheka. Akarudi.

Kidole changu hakikuacha kupiga. Picha saba. Ya kwanza ana kamba, anacheka. Ya tano yuko kwenye fimbo, mkono juu. Ya sita amevuka. Ya saba ni barafu tupu.

Haya. Nimeandika. Sijisikii vizuri hata kidogo.

Alhamisi, 10 Julai

Gasana amekuja kuchagua picha. Zile sita nilizificha kwenye faili la harusi za mwaka jana. Ya saba sikuificha. Sijui kwa nini. Labda nilitaka aulize.

Hakuuliza. Aliiona akashika kichwa. "Hii! Tupu hivi. Mungu wangu, inaumiza." Amesahau hata sharti lake mwenyewe la mtu ndani ya picha. Itachapwa mita tatu kwa mbili, katikati ya ukumbi.

Baada ya chakula Pretty kaniita kwenye kompyuta, amefurahi. Kwenye theluji kulikuwa na alama za viatu, zinakwenda, zinavuka fimbo, zinakatika. Amezifuta zote. Na fimbo pia. "Nimesafisha, boss, kama zulia la kanisa." Ndivyo nilivyomfundisha. Uchafu mbele ya maharusi unafutwa bila kuuliza.

Nikamwambia asante.

Jumapili, 13 Julai

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Biira. Nyuma yake majogoo. Siku hizi yuko shambani kwa mama yake, anachuma kahawa akisubiri kikao. Hakunilaumu kitu. Anasema Mzee anauliza picha yake. "Anasema ulimuahidi, Madamu. Hata moja."

Nimemtumia ya kwanza. Kamba kiunoni, anacheka, yuko upande salama.

Jioni amejibu kutoka hospitali. Mzee ameitazama mpaka simu ikaishiwa chaji. Wauguzi wote wameonyeshwa. Sasa anasema yeye ni mtu mwenye picha! Kisha Biira akauliza: "Hakuna ingine?"

Nikaandika: hakuna.

Huo ni uongo wa tatu. Wa barafuni, wa kwenye fomu, na huu. Wa kwenye daftari siuhesabu, ule nimeufuta mwenyewe.

Ijumaa, 18 Julai

Maonyesho. Nimeingia Kimihurura kwa mlango wa mbele, nimevaa gauni la kijani alilonishonea Usumani. Jina langu liko ukutani, herufi kubwa. Nilidhani nitalipiga picha. Sikulipiga.

Barafu yangu imekula ukuta mzima. Watu wanasimama mbele yake, wananyamaza, halafu wanageuka wanapigana picha nayo. Mama mmoja wa ofisini, Gahongayire, mtu mzito na wanaomfuata wanne, akaniuliza huko juu hapakuwa na mtu? Nikasema hapakuwa. (Wa nne.) Akasema inatisha ilivyo safi.

Halafu akanipa simu yake nimpige, yeye na wenzake, mbele ya picha. Hawakuenea. Neno likanifika kwenye ulimi likakwama. Basi nikarudi mimi. Nikarudi kinyumenyume, nikarudi tena, mpaka nikagonga meza ya juisi, glasi zikamwagika zote. Ukumbi ukacheka. Gasana akacheka. Mimi nilianguka kwenye zulia, nikainuka, nikapanguswa gauni na mhudumu. Hakuna kilichovunjika mwilini mwangu.

Jumamosi, 19 Julai

Nimemwachia Pretty harusi ya leo. Usumani kapanda na chai saa tano. Zile picha nilikuwa nimezifungua zote kwenye kompyuta, sikuwahi kuzifunga. Akasimama na birika mkononi.

Fundi nguo anamtazama mtu kuanzia mabegani. Akasema: "Huyu mzee anaogopa. Anacheka, lakini mabega yamepanda." Akatazama nyingine. "Mama Ihirwe, mbona kila picha anakutazama wewe, haitazami kamera?"

Nikamfokea! Nikamwambia ashuke kwenye cherehani yake, picha si suruali. Akaweka chai taratibu, akashuka.

Nilikaa dakika kumi. Chai ikapoa. Nikashuka nikamwambia yote, nimesimama katikati ya vipande vya vitambaa vya watu, mteja anasubiri nje. Kamba, fimbo, hatua moja tu jamani. Uongo wote, mmoja mmoja. Nililia kwa sauti, sikujali mteja.

Hakusema pole. Hakusema umefanya nini wewe. Aliuliza kikao ni lini. Nikasema Jumatano. Akafikiri kidogo, akasema basi la Jumanne linaondoka alfajiri, nisichelewe stendi ya Nyabugogo. Kisha akamwita mteja.

Nilikasirika kwamba hakunifariji. Sasa nimetulia naona hakuna cha kufariji. Nimechoka kuwa mtu wa pekee anayejua, ndiyo maana nilishuka ngazi zile.

Jumatatu, 21 Julai

Nimempigia Gasana, nimemwambia. Akaanza. Kwamba nilisaini. Kwamba na yeye alisaini chini yangu. Kwamba maonyesho yanakwenda miji mitatu mingine na picha ile ndiyo iko kwenye kila tangazo. Aliniomba ningoje, miezi minne tu. "Huyo binti bado iko kijana, sha. Atapata kazi ingine."

Mpaka hapo nilikuwa bado naogopa. Neno hilo likanitia hasira, na hasira ilinisaidia. Nikamwambia atundike zile sita pembeni ya ile moja, au aishushe. Akakata simu. Kazi za shirika lake ndiyo mwisho, na pengine na za marafiki zake. Na liwe.

Nimemwambia Pretty achape zote saba, saizi ya albamu, bila kugusa kitu. Alizichapa. Ilipotoka ya saba, na zile alama za viatu zilizokatika, akaweka mkono mdomoni. "Boss, ni mimi nilizifuta." Ayi we, nilimkumbatia. Nikamwambia wewe ulifuta zulia, mimi ndiye niliyejua ni nini.

Usumani amezishonea mfuko wa kitambaa kizito, wa bapa, kifungo kimoja. Ameuweka tu juu ya koti langu lenye bitana mbili.

Jumanne, 22 Julai — Gatuna, mpakani

Naandika kwa magoti, benchi la wasafiri. Basi letu linakaguliwa, foleni ndefu. Kikao ni kesho saa nne asubuhi. Biira hajui nakuja. Sijamwambia kwa sababu nikimwambia ataniuliza nakuja kufanya nini.

Kuna jambo limetokea sasa hivi kwenye meza ya ukaguzi.

Afisa ni mama wa makamo, beji imeandikwa Trinah. Begi alilipitia haraka. Mfuko wa Usumani ukamshangaza, akauliza iko nini hii. Nikasema picha. Akafungua kifungo. Ya saba ndiyo ilikuwa juu, na yeye akaanza kuzipanga mezani jinsi zilivyotoka, moja moja, kutoka kushoto. Barafu tupu. Halafu mtu kwa mbali. Halafu mtu mwenye mkono juu. Halafu karibu zaidi, karibu zaidi, mpaka ya mwisho: Mzee Masereka na kamba yake, anacheka.

Yule mama akatabasamu. Akasema: "Mzee anakuja! Ametoka wapi kwenye baridi yote hii?"

Nilizitazama. Ni kweli, ukizipanga hivyo anakuja. Anatoka kwenye ile theluji mwenyewe, anapita fimbo, anashusha mkono, anafunga kamba yake, anacheka. Nilitamani niseme ndiyo. Ndiyo mama, anakuja! Nilitamani kuliko nilivyowahi kutamani kitu.

Nikasema hapana, umeanzia mwisho. Nikazipanga upya kwa mikono yangu. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba.

Tabasamu lilikwenda likiisha picha kwa picha. Kwenye ya saba akaweka kidole juu ya alama za viatu, akazifuata mpaka zinapokatika. Foleni nyuma yangu inanung'unika. Akauliza polepole: "Nani anamwambia arudi?"

"Mimi."

Neno limetoka hivyo tu, mbele ya watu nisiowajua. Hakunisema. Alizikusanya, akafunga kifungo, akanipa mfuko kwa mikono miwili. Akasema pita.

Sasa mwandiko huu hata mimi sitausoma. Basi limewasha injini. Nitapanda, bado watu wa nyuma hawajam—

Simu. Ni Biira.

Nimepokea. Naandika simu ikiwa begani, lazima mkono ufanye kitu. Anasema samahani kunisumbua. Kesho ni kikao. Mzee ameruhusiwa kurudi nyumbani, amewaomba wambebe aje, daktari amekubali. Mwenyekiti amesema wakija na ushahidi wowote atausikiliza. Kwa hiyo anauliza tena, kwa mara ya mwisho, asiwe ananichosha: kweli Madamu hakuna picha ingine?

Nimemwambia ziko saba.

Majogoo tu.

Nimemwambia ninazo mapajani, niko Gatuna, nakuja.

Hakuuliza kwa nini nilisema hakuna. Halafu amesema ngoja, Madamu. Ngoja hapo hapo. Nampa Mzee simu, hayo umwambie yeye.

Nasikia kitanda. Nasikia anamwinua, anamwekea mto. Kondakta ananiita kwa mkono. Nimetikisa kichwa.

"Halo, Madamu?" Sauti yake imefurahi.